Kipimo Kilichohamia Mwilini: Historia ya Vifaa vya Kuvaa vya Kupima Sukari

Kihisi cha sukari kinachovaliwa siku hizi nyuma ya mkono, chini kidogo ya bega, ni kidude cha mviringo chenye upana wa sarafu kubwa, kilichobandikwa kwa gundi kama plasta. Upande wake wa chini umetoka uzi laini, mwembamba karibu na unywele, ulioingia ndani ya ngozi kiasi cha nusu sentimita. Aliyekivaa huoga nacho, hulala nacho, na husahau kabisa kwamba anacho, mpaka simu yake ilie usiku wa manane kumjulisha kuwa sukari yake inashuka. Uzi huo umepakwa kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1928, na unafanya kazi kwa kanuni iliyotangazwa mwaka 1962. Kemia yake, basi, ni ya zamani. Kilichochukua miaka mingi ni kukubaliana nani aione namba ya sukari, na aione saa ngapi.

Kwa karne nyingi sukari ilitafutwa kwenye mkojo. Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliuita ugonjwa wa sukari kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya mkojo wa asali, wakautambua kwa sisimizi waliokusanyika mgonjwa alipojisaidia. Kiswahili nacho kimeuita kisukari, kwa alama ile ile ya utamu. Mwaka 1674 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kuhusu utamu wa mkojo wa wagonjwa hao, na njia ya kuuhakikisha ilikuwa kuuonja. Miaka 100 hivi baadaye, mwaka 1776, Matthew Dobson wa Liverpool alieleza jinsi alivyoukausha mkojo wa mgonjwa kwa moto wa taratibu hadi ukabaki unga mweupe, mtamu kama sukari. Dobson aligundua jambo jingine lenye uzito mkubwa zaidi: majimaji ya damu ya mgonjwa nayo yalikuwa matamu. Kumbe figo hazikuitengeneza sukari ile. Ilikuwa kwenye damu tangu mwanzo, na figo ziliimwaga tu zilipozidiwa.

Karne ya 19 ilileta chumvi za shaba, ambazo hubadilika rangi zikichemshwa pamoja na sukari. Mwaka 1908 Mmarekani Stanley Benedict alitengeneza kimiminika cha buluu kilichokuwa imara na rahisi kutumia kuliko vilivyotangulia. Wanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki wanakifahamu vizuri. Katika chumba cha maabara ya biolojia, kimiminika cha Benedict hutiwa kwenye neli pamoja na maji ya tunda, huchemshwa, na darasa zima hukodoa macho kungoja buluu igeuke kijani, kisha manjano, kisha chungwa, hadi ifikie wekundu wa tofali. Jaribio hilo la darasani kwa miongo kadhaa lilikuwa kipimo cha uhai. Mgonjwa alihesabu matone 8 ya mkojo wake, akayatia kwenye kijiko cha dawa ya buluu, akachemsha juu ya taa ya spiriti jikoni kwake, akasoma rangi.

Rangi hiyo haikuwa ya uongo, lakini ilichelewa. Figo huanza kuachia sukari kwenye mkojo pale tu sukari ya damu inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita, na mkojo hukaa kibofuni kwa saa kadhaa kabla ya kutoka. Aliyepima asubuhi alisoma habari za usiku. Baya zaidi, sukari iliyoshuka mno haikuonekana kabisa: mtu mwenye sukari ya kawaida na mtu aliye karibu kuzimia wote walipata buluu ile ile. Kabla ya mwaka 1922 upungufu huo haukuwa na madhara makubwa, maana hakukuwa na dawa ya kuishusha sukari kwa kasi. Januari mwaka huo, huko Toronto nchini Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alidungwa insulini na akaendelea kuishi. Tangu hapo mamilioni ya watu wamekuwa wakijidunga dawa inayookoa maisha, ambayo ikizidi kidogo tu humtoa mtu fahamu. Walijidunga kwa kukisia, wakiongozwa na mkojo ambao haukuweza kuwaonya.

Kampuni ya Ames ya Elkhart, jimbo la Indiana, iliurahisisha ukisiaji huo bila kuuondoa. Mwaka 1941 ilitoa kidonge kilichochemka chenyewe ndani ya neli, taa ya spiriti ikawa haihitajiki tena. Mwaka 1956 wanakemia wake Helen na Alfred Free, mke na mume, walitoa utepe wa karatasi wa kuchovya tu kwenye mkojo. Karatasi hiyo ilibeba kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, kinachoshughulika na glukosi peke yake na kuziacha sukari nyingine. Hapo ndipo kimeng'enya hicho kilipoanza kazi yake kwenye kisukari, na hadi sasa ndicho kilicho katika vihisi vingi vinavyovaliwa.

Utepe wa damu ulifuata mwaka 1965, chini ya Ernie Adams wa kampuni hiyo hiyo. Matumizi yake yalitaka utulivu: tone nono la damu liwekwe juu ya utepe, zihesabiwe sekunde 60 kamili, damu isafishwe kwa maji, halafu rangi ilinganishwe na chati. Macho ya watu wawili yaliweza kusoma namba mbili tofauti kwenye utepe mmoja. Anton Clemens, naye wa Ames, akatengeneza mashine ya kusoma rangi kwa kupima mwanga unaorudi kutoka kwenye utepe. Iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na uzito unaozidi kilo moja na bei ya mamia ya dola. Ilikusudiwa kwa ajili ya zahanati na vyumba vya dharura. Mgonjwa hakutarajiwa kuwa nayo.

Mmoja aliitaka hata hivyo. Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani, alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka 12, na madhara ya muda mrefu yalikwisha kumwanza. Mashine isingeuzwa kwake, lakini mkewe alikuwa daktari, ikanunuliwa kwa jina la mke. Bernstein akawa anajitoboa kidole mara 5 na zaidi kwa siku, akiandika kila namba, akibadili chakula na insulini kwa kuzifuata, kama mhandisi anavyoichunguza mashine yenye hitilafu. Sukari yake ilitulia. Alipoandika makala kuwaeleza madaktari, majarida yaliyakataa. Akaenda kusomea udaktari akiwa na umri wa miaka 45, akahitimu mwaka 1983, na akaendelea kutibu wagonjwa hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90. Ni vigumu kumtaja mtu mwingine aliyeonyesha wazi zaidi yake kwamba mgonjwa anaweza kupewa namba yake mwenyewe na akaitumia vema.

Wakati utepe ukisoma rangi, njia nyingine ilikuwa imeshafunguliwa na Leland Clark. Huyu alishughulika na mashine za kuipa damu oksijeni wakati wa upasuaji wa moyo, na alihitaji kujua oksijeni iliyomo. Mwaka 1956 alichapisha elektrodi ya platinamu iliyofunikwa kwa utando wa plastiki unaopitisha oksijeni. Mwaka 1962, pamoja na Champ Lyons, alipendekeza nyongeza ndogo: kimeng'enya kiwekwe mbele ya elektrodi. Glukosi ikikutana na glukosi oksidesi hula oksijeni na kuzalisha hidrojeni peroksaidi. Elektrodi hupima oksijeni iliyopungua au peroksaidi iliyoongezeka, na mkondo mdogo wa umeme unaopatikana hulingana na kiasi cha glukosi. Mwaka 1967 Stuart Updike na George Hicks walikinasa kimeng'enya hicho ndani ya jeli ili kisioshwe na damu. Mwaka 1975 mashine ya kwanza ya maabara inayotumia kanuni hiyo iliuzwa kutoka Yellow Springs, jimbo la Ohio. Ilikuwa ya kuwekwa mezani, lakini kanuni yake ingeweza kupunguzwa ukubwa karibu bila kikomo, jambo ambalo rangi na mwanga havingeweza.

Upunguzaji huo ulifanyika Uingereza. Watafiti wa Cranfield na Oxford walionyesha mwaka 1984 kwamba feroseni, kampaundi yenye atomu ya chuma, inaweza kubeba elektroni kutoka kwenye kimeng'enya hadi kwenye elektrodi badala ya oksijeni. Mwaka 1987 ikatoka mashine yenye umbo la kalamu, iliyotoa jibu kwa sekunde 30 bila kuosha wala kufuta damu. Glukomita ndogo zinazouzwa leo katika maduka ya dawa ya Mombasa, Arusha au Bujumbura ni wajukuu wa kalamu ile.

Hata hivyo, madaktari wengi bado waliuliza kama kujitoboa kote huko kulikuwa na faida. Jibu lilitoka mwaka 1993, ulipokamilika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliowafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Nusu yao walitibiwa kwa kawaida ya siku zile; wengine walipima angalau mara 4 kwa siku na kurekebisha insulini kila mara. Kundi la pili lilipunguza uwezekano wa kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76, na figo na neva zao nazo zikahifadhika kwa kiasi kikubwa. Mjadala ukaisha. Lakini matokeo hayo yalikuja na tahadhari isiyosahaulika: kundi lililofaulu lilipatwa na sukari ya kushuka vibaya takriban mara 3 zaidi ya lile jingine. Kupima mara 4 kwa siku huacha mapengo ya saa nyingi, na pengo refu kuliko yote ni usiku, mtu akiwa usingizini. Mama wa mtoto mwenye kisukari aliamka saa nane ya usiku kwenda kumtoboa kidole mwanawe gizani, akarudi kulala bila kujua saa kumi itakuwaje.

Kuvaa kipimo halikuwa wazo geni. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Norman Holter, huko Helena katika milima ya Montana, alijibebesha mgongoni mitambo ya redio yenye uzito wa takriban kilo 38 ili kurusha mapigo ya moyo wake akiwa anatembea. Miaka kumi na kitu baadaye kifaa chake kilikuwa cha kuning'inizwa mwilini bila shida. Japani iliuza kihesabu hatua cha kiunoni mwaka 1965, na jina lake, lililobeba hatua 10,000, ndilo asili ya idadi ambayo hadi leo watu huhimizwa kuitimiza. Moyo, hata hivyo, hutoa umeme unaofika kwenye ngozi, na hatua hutikisa mwili mzima. Sukari haitoi ishara yoyote nje. Anayeitaka lazima aifuate ndani.

Na mwili haupendi kuingiliwa. Kitu chochote kigeni kikipenya ngozi, seli za kinga hukizunguka, protini hukiganda, na baada ya muda kovu hukifunika. Oksijeni chini ya ngozi nayo ni kidogo kuliko kwenye damu. Motoaki Shichiri na wenzake wa Osaka walikabili vikwazo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kihisi chembamba kama sindano, wakakiunganisha na pampu ya insulini, na mwaka 1982 wakaeleza kongosho bandia la kwanza la kuvaliwa. Lilifanya kazi kwa siku chache, kisha kihisi kilidhoofika. Ilichukua karibu miaka 20 zaidi kupata tando zinazoweza kuvumilia.

Kifaa cha kwanza cha kupima mfululizo kilichoidhinishwa Marekani kilitolewa na kampuni ya MiniMed mwaka 1999. Uzi wake ulikaa chini ya ngozi ya tumbo hadi siku 3, ukirekodi kila dakika 5, vipimo 288 kwa siku. Mgonjwa aliyekivaa hakuona hata kimoja. Alirudi kliniki, kifaa kikaunganishwa na kompyuta, na daktari ndiye aliyetazama mchoro wa siku zilizokwisha pita. Teknolojia mpya ikarudia kosa la mkojo: habari zilikuwa sahihi, lakini zilimfikia mtu mwingine, tena zikiwa zimechelewa.

Saa ya mkononi iliyoidhinishwa mwaka 2001 ilijaribu njia isiyotoboa. Mkondo hafifu wa umeme ulivuta glukosi kupitia ngozi hadi kwenye vibandiko vya jeli, na namba ikaonekana kwenye kioo cha saa. Ilihitaji kusubiriwa kwa saa 3 kabla ya kutoa namba ya kwanza, na vibandiko vilibadilishwa kila baada ya saa 12. Iliwasha ngozi na kuacha alama nyekundu. Mtu akitoka jasho, iliacha kusoma, na kutoka jasho ni moja ya dalili kuu za sukari kushuka. Yaani saa ilinyamaza wakati ule ule ilipohitajika zaidi. Iliondolewa sokoni mwaka 2007.

Uzi wa chini ya ngozi ndio ulioshinda. Mwaka 2006 kampuni ya Dexcom ya San Diego ilitoa kihisi cha siku 3 kilichomwonyesha mgonjwa namba zake, na mwaka uliofuata kikafika siku 7. Uzi huo haupimi damu. Unapima majimaji yaliyo kati ya seli, ambako glukosi hufika baada ya kupenya kuta za mishipa midogo, hivyo namba huwa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15. Sukari ikitulia, tofauti haionekani. Mtu akikimbia, au akinywa soda ili kuipandisha, kihisi huendelea kwa muda kuonyesha hali iliyokwisha pita. Ndiyo sababu mshale unaoonyesha mwelekeo una thamani sawa na namba yenyewe. Vihisi vya mwanzo vilikuwa na udhaifu mwingine ambao wengi hawakuutarajia: dawa ya kawaida ya maumivu, parasetamoli, hutoa elektroni kwenye elektrodi kama peroksaidi inavyofanya, na namba ikapanda ilhali sukari haijapanda. Vile vile kila kihisi kilihitaji kusahihishwa mara kwa mara kwa tone la damu, kwa hiyo kidole hakikupumzika.

Hatua iliyofuata ilipigwa na wazazi. Mwaka 2013 John Costik, mwandishi wa programu katika jimbo la New York, alikuwa na mtoto mdogo mwenye kisukari na kihisi ambacho namba zake zilionekana kwenye kipokezi kidogo tu, kilichopaswa kuwa karibu na mtoto. Baba akiwa kazini hakuona kitu. Aliandika programu ya kuzitoa namba hizo na kuzipeleka kwenye intaneti, kisha kwenye simu yake. Wazazi wengine wakaiomba, wakaiboresha, wakaigawa bure, na kauli yao ikawa kwamba hawasubiri tena. Katika miezi hiyo hiyo Dana Lewis wa Seattle, aliyelala fofofo hata kengele ya kihisi chake isimwamshe, alitafuta namna ya kuifanya ilie kwa sauti kubwa zaidi. Yeye na mwenzake Scott Leibrand walifika mbali kuliko kengele: walitengeneza programu ya kutabiri sukari na kuiongoza pampu ya insulini, wakaiweka wazi kwa kila mtu mwaka 2015. Mfumo wa kwanza wa kibiashara wa namna hiyo uliidhinishwa Marekani mwaka 2016.

Mwaka 2014 kampuni ya Abbott ilileta Ulaya kihisi cha siku 14 kilichosahihishwa kiwandani, kisichodai tone la damu la kila siku. Msingi wake ulikuwa kazi ya mwanakemia Adam Heller, aliyekiunganisha kimeng'enya na elektrodi kwa polima inayopitisha elektroni, ili oksijeni isihitajike. Mvaaji alipitisha kisomeo juu ya nguo, namba ikatokea pamoja na mchoro wa saa 8 zilizopita. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya washindani, na ndiyo iliyobadili mambo: huduma ya afya ya Uingereza ilianza kukitoa kwa wengi, na mwaka 2022 mwongozo wa kitabibu wa huko ukapendekeza vihisi kwa watu wazima wote wenye kisukari cha aina ya kwanza. Mwaka 2024 Marekani iliruhusu kihisi cha kwanza kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa watu wazima wasiotumia insulini. Wateja wapya ni pamoja na wasio na kisukari kabisa, wanaotaka kujua wali au maandazi huwafanya nini. Faida kwa watu hao haijathibitishwa kama ilivyothibitishwa kwa wanaotumia insulini, na haifai makundi hayo mawili kuchukuliwa kuwa sawa.

Tamaa ya kupima bila kutoboa haijafa. Google ilitangaza lenzi ya macho ya kupima sukari kwenye machozi mwezi Januari 2014, lakini mradi huo ukaachwa mwaka 2018, kwa sababu sukari ya machozi haikufuata ya damu kwa uhakika. Mwanga wa saa za kisasa, unaosoma mapigo ya moyo kwa urahisi, haujaweza kuisoma glukosi. Hata pale mwanga ulipofaulu, kama kwenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilichotokana na kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya 1970, umeonekana kuwakosea watu weusi: utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulikosa kuonekana kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa weupe. Wasomaji wa Afrika wana kila sababu ya kuudai ushahidi uliofanyika kwenye ngozi kama zao kabla ya kuamini kipimo chochote cha mwanga. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi. Saa za namna hiyo zinaendelea kuuzwa mtandaoni kwa bei ya chini, na mtu anayejidunga insulini kwa kufuata namba za saa hizo anaweza kupoteza maisha.

Afrika Mashariki inaishi katika vipindi vyote vya historia hii kwa wakati mmoja. Wapo Nairobi na Dar es Salaam wanaofuata sukari zao kwenye simu. Wapo wengi zaidi wenye glukomita ndani ya kabati lakini stripu, yaani tepe za kupimia, zimekwisha, maana mashine hununuliwa mara moja na stripu hununuliwa daima. Wapo pia wanaopimwa siku ya kliniki tu, mara moja kwa mwezi au kwa miezi, kwa namba moja inayoandikwa kwenye daftari na muuguzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwavalisha vihisi watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza nchini Kenya na Uganda. Ulionyesha kwamba kuvitumia katika kliniki za huku kunawezekana, na kwamba kwa sehemu kubwa ya siku sukari za vijana hao zilikuwa juu ya kiwango kinachotakiwa. Kinachowazuia sasa ni gharama. Kihisi cha siku 14 hujizima chenyewe siku ya mwisho, kikaacha kutuma namba, na siku ya 15 lazima kibandikwe kingine.